Herufi Zisizotamkwa katika Kiingereza: Mwongozo Kamili wa Asili, Maana na Namna ya Kuzikumbuka

Chukua karatasi uandike maneno haya sita: risiti, saini, kampeni, nimonia, Krismasi, kabati. Pembeni ya kila moja andika neno la Kiingereza tulilolipokea: *receipt*, *sign*, *campaign*, *pneumonia*, *Christmas*, *cupboard*. Sasa linganisha herufi kwa herufi. Risiti haina p. Saini na kampeni hazina g. Nimonia imeacha p mlangoni, Krismasi imeacha t, kabati imeacha p. Waliotuingizia maneno haya waliandika walichosikia, na sikio halikuwadanganya, kwa sababu herufi hizo Mwingereza mwenyewe hazitamki.

Nafundisha Kiingereza watu wazima, darasa la jioni, na kila mwaka swali ni lile lile: "Mwalimu, kama haitamkwi, wameiweka ya nini?" Kwa muda mrefu nilijibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi: kariri tu. Siku hizi naona jibu hilo linamdhulumu anayeuliza. Nyingi ya herufi hizo zina sababu inayoelezeka, na mtu akishaijua sababu, herufi inashikamana na maana ya neno na haimtoki tena. Hatua zifuatazo ndizo ninazopitia na wanafunzi wangu, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya kwanza: fahamu sauti na maandishi viliachana lini

Tahajia ya Kiswahili kwa hati ya Kilatini bado changa. Ilisanifiwa kuanzia mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi, ndiyo maana ukiona "kisu" unatamka herufi zote nne. Kiingereza kimeandikwa kwa hati hiyo kwa zaidi ya miaka 1,300, na katika muda huo kimepitia mikono mingi. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na waandishi waliozoea Kifaransa wakaanza kuandika maneno ya Kiingereza kwa desturi zao. Mwaka 1476 William Caxton akafungua mtambo wa kwanza wa uchapaji nchini humo, pale Westminster. Kidogo kidogo vitabu vikazoesha macho ya watu umbo moja la kila neno. Lakini wakati huohuo midomo ilikuwa inabadilika: gh ilikuwa inapotea, e ya mwisho imeshanyamaza, na baadaye k ya mwanzo nayo ikafifia. Sauti ikaendelea na safari, maandishi yakabaki yalipokuwa.

Chukua *name*. Leo ni silabi moja, "neim". Katika miaka ya 1300 lilikuwa na silabi mbili, likiishia na irabu kama maneno yetu. Mtu wa Unguja akilisoma leo kama lilivyoandikwa, "na-me", anakaribia sana matamshi ya London ya wakati ule. Hiyo e ya mwisho ilipokufa ilipewa kazi nyingine, kuonyesha kwamba irabu iliyotangulia inabadilika: *hat* ni kofia, *hate* ni chuki, *bit* ni kipande, *bite* ni kung'ata.

Wachapaji nao waliacha alama zao. Caxton aliishi miaka mingi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, kwenye nchi ya Waflemi, na huko ndiko h ya *ghost*, yaani mzimu, ilikotoka. Waingereza wa kale waliandika *gast*. Waflemi waliandika *gheest*. H ikapanda meli, na haijarudi kwao mpaka leo.

Hatua ya pili: mtafute ndugu wa neno

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na kama una muda wa hatua moja tu, shika hii. Herufi iliyonyamaza katika neno moja mara nyingi husema katika neno lingine la ukoo huohuo. G haisikiki katika *sign*, lakini inasikika katika *signal* na *signature*. N haisikiki katika *column*, inasikika katika *columnist*. *Condemn* ina *condemnation*, *autumn* ina *autumnal*, *resign* ina *resignation*, *bomb* ina *bombard*. Na sisi tulipochukua bomu kutoka Kiingereza, ile b ya mwisho tuliiacha, kwa sababu hakuna aliyeisikia.

Neno ninalolipenda zaidi katika hatua hii ni *two*. Kila mtu anajua ni mbili, na kila mtu amewahi kujiuliza w inafanya nini pale katikati. Sasa weka ndugu zake mezani: *twelve*, *twenty*, *twice*, *twin*, *between*. Kumi na mbili, ishirini, mara mbili, pacha, kati ya viwili. Ukoo mzima unatamka w isipokuwa mkubwa wao, na wote wanabeba maana ya viwili. Mwanafunzi akiiona picha hiyo mara moja, sijamwona akikosea tena kuandika *two*.

*Muscle* ni msuli, na c yake inasikika katika *muscular*. Asili yake ni Kilatini *musculus*, maana yake panya mdogo. Kunja mkono wako polepole utazame unavyojitokeza chini ya ngozi. Warumi waliona panya anapita.

Hatua ya tatu: jua neno limeingia kwa mlango gani

Ndugu asipopatikana, uliza neno limetoka wapi. Kiingereza kina milango mitatu mikubwa, na kila mlango una herufi zake zilizonyamaza.

Mlango wa kwanza ni wa kale, wa lugha za Kijerumani zilizofika kisiwani humo kabla ya Wanormani, pamoja na lugha ya Waviking, mabaharia wa Skandinavia waliokuja baadaye. Huku ndiko kwenye *kn*, *wr* na *gh*, na herufi hizo ni za haki. Zilitamkwa kweli.

K ya *knife* ilitamkwa mpaka karne ya 17 hivi. Neno lenyewe lililetwa na Waviking, *knífr*. Ukimsikia Mjerumani akitaja goti, *Knie*, k yake inasikika waziwazi hadi leo, wakati Mwingereza akisoma *knee* anaanzia kwenye n. Na *knight*, askari mwenye heshima anayepanda farasi? Katika Kiingereza cha kale *cniht* alikuwa kijana wa kutumwa tu. Kijana akawa mtumishi wa bwana, mtumishi akawa askari wa bwana, askari akapewa cheo. Kwa Wajerumani ndugu yake *Knecht* alibaki mtumishi. *Know* nayo, yaani kujua, ina ukoo mkubwa uliopita Kigiriki na Kilatini, na huko k imekuwa g: *recognise*, *ignorant*, *diagnosis*. Daktari anapotoa *diagnosis* anasema amejua unaumwa nini.

Gh ina faraja yake kwa Waswahili. Tamka "kheri" au "sheikh" kama watu wa Pwani wanavyotamka. Sauti ile ya kooni ndiyo iliyokuwa katika *night*, *light*, *eight* na *daughter*, na Wajerumani wanayo hadi leo katika *Nacht*, *Licht*, *acht* na *Tochter*. Waingereza waliipoteza. Katika maneno mengi ikatoweka kabisa, na katika machache ikageuka f: *laugh*, *cough*, *enough*. Kwa hiyo ukiona gh katikati au mwishoni mwa neno, jua mara nyingi kulikuwa na kh pale.

Kisha kuna *wr*, na hapa naomba tukae kidogo. Andika haya kwa safu: *wring*, *wrist*, *wrestle*, *wrinkle*, *wreath*, *wrench*, *wrong*. Sasa andika maana zake: kukamua nguo, kifundo cha mkono, kupigana mieleka, kunyanzi, shada la maua, kunyonga kwa nguvu, kosa. Nguo huisokota ukiikamua. Kifundo cha mkono ndipo mkono unapogeukia. Wanamieleka hupindana. Kunyanzi ni ngozi iliyojikunja, na shada ni matawi yaliyosokotwa kuwa duara. Maneno haya yote yana mzizi wa kupinda na kusokota. Na *wrong*? Lilitoka kwa Waviking, na maana yake ya mwanzo ni kitu kilichopinda. Sisi tunasema mambo yamekwenda kombo, na kombo ni upindo. Tunamwita mtu mwema mnyofu. Watu wa mbali kabisa na sisi waliliona kosa kwa jicho hilohilo, na ushahidi umejificha nyuma ya w isiyotamkwa. *Write* liko kando kidogo: mwanzoni lilimaanisha kuchanja au kukwaruza, kwa kuwa maandishi ya kale yalichongwa kwenye mti na jiwe.

Mlango wa pili ni Kifaransa. Huku kuna h ya *hour*, *honest*, *honour* na *heir*. Wafaransa hawakuitamka, Waingereza wakayapokea maneno vilevile. Kumbuka kanuni inayofuata: tunasema *an hour*, *an honest man*, kwa sababu *a* na *an* hufuata sikio, hazifuati jicho. Huku pia kuna *gn* ya *campaign*, na msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa: *gn* ya Kifaransa ni "ny" yetu hasa. Waitaliano walisema *campagna*, nchi ya wazi, na kampeni ilikuwa jeshi kutoka kambini kwenda uwandani. Waingereza hawana mazoea ya kumaliza neno kwa ny, wakaiacha n peke yake, g ikabaki kwenye maandishi.

Kuna neno moja la mlango huu ambalo mtu anayetaka mkopo wa nyumba atalikuta kwenye fomu za benki: *mortgage*, "mogij", bila t. Ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale, *mort*, kufa, na *gage*, rehani. Rehani iliyokufa. Wanasheria wa zamani wa Uingereza walieleza hivi: mdaiwa asipolipa, mali imekufa kwake, akilipa, rehani yenyewe imekufa. Ukiijua hiyo t utaisoma fomu kwa makini zaidi.

Mlango wa tatu, Kigiriki, unapitika haraka. Wagiriki walitamka *ps*, *pn* na *pt* mwanzoni mwa neno bila shida. *Psychology* inatokana na *psyche*, roho. *Pneumonia* inatokana na *pneumon*, pafu. *Pteron* ni bawa, na p yake haisikiki katika *pterodactyl*, mnyama wa kale aliyeruka, lakini inasikika katika helikopta: *helico*, kinachozunguka, na *pter*, bawa. Bawa linalozunguka. Neno hilo lilibuniwa na Mfaransa mwaka 1861. Na h ya *rhino* ni ya Kigiriki pia: *rhis* ni pua, *keras* ni pembe. Mwongoza watalii wa Ngorongoro anayemwonyesha mgeni *rhino* anasema "pua" kwa Kigiriki.

Hatua ya nne: tambua herufi zilizopachikwa na wasomi

Sasa tunafika kwenye herufi ambazo hazikutamkwa kamwe katika Kiingereza. Ziliongezwa kwa kalamu.

Waingereza walipokea *dette* kutoka Kifaransa, wakaliandika hivyo au *det*, na wakalitamka hivyo. Katika karne ya 15 na 16 wasomi waliopenda Kilatini walitaka maneno yaonyeshe nasaba yake. Kilatini cha deni ni *debitum*, wakaipachika b. Wakafanya hivyo kwa *doute*, shaka, ikawa *doubt*, kwa sababu ya *dubitare*. Risiti ilikuwa *receite*, ikapewa p kwa heshima ya *recepta*. *Indict*, kushtaki, ikapewa c, na hadi leo anayesoma habari za mahakama lazima aseme "indait". *Subtle*, kitu kisichoonekana kwa urahisi, ikapewa b ya *subtilis*. Midomo ya watu haikubadilika hata kidogo. Shakespeare aliliona jambo hili likitokea: katika tamthilia yake moja iliyochapwa mwaka 1598, mwalimu mpenda Kilatini analalamika kwamba watu wanasema "det" badala ya kuitamka b.

Msomaji wa Kongo, Burundi au Rwanda anayejua Kifaransa ana kipimo tayari mkononi. Kifaransa bado ni *dette*, *doute*, *recette*. Akiliona neno la Kiingereza lina herufi ambayo Kifaransa hakina, na haitamkwi, basi kuna uwezekano mkubwa msomi alipita hapo.

Wasomi hao hawakumaliza kazi yao. *Receipt*, *deceit* na *conceit* ni ukoo mmoja, lakini p ilipewa *receipt* peke yake. Hapo ndipo hata wanafunzi wangu wazuri hukosea, nami huwaambia wakumbuke *reception*, mapokezi: risiti ni karatasi ya kupokea.

Mmoja wa wanafunzi hao ni fundi bomba. Kadi yake ya kazi ilisomeka *plumer*, na mteja mmoja alimcheka mbele ya watu. Aliniletea ile kadi imekunjwa mara nne mfukoni. Nikamuuliza kama alisoma kemia. Alisoma mpaka kidato cha nne. Alama ya madini ya risasi ni ipi? Akajibu papo hapo: Pb. Nikamwandikia ubaoni *plumbum*, neno la Kilatini la risasi, nikamweleza kwamba Warumi walitengeneza mabomba ya maji kwa madini hayo, na kwamba fundi wa mabomba ni *plumber*, mtu wa risasi. Alitazama ubao, akachukua kalamu, akaipachika b mwenyewe kwenye kadi ya zamani kabla ya kwenda kuchapisha mpya.

Hatua ya tano: jihadhari na herufi zisizo na haki

Kuna maneno machache ambayo herufi yake haina asili yoyote, ni makosa yaliyozoeleka. Usipoteze muda kutafuta ndugu zake.

*Island* ni mfano mkubwa. Neno la kale ni *iegland*, halina s. Watu walilifananisha na *isle*, neno la Kifaransa litokalo Kilatini *insula*, wakadhani ni ukoo mmoja, wakaipachika s. Hayana uhusiano. Wafaransa wenyewe waliiondoa s yao katika karne ya 18, wakaweka kikofia juu ya irabu, *île*. *Could* iliandikwa *coude*. L ilikuja kwa kuiga *would* na *should*, ambazo zina haki nayo kwa sababu ya *will* na *shall*. *Whole* haikuwa na w. *Delight* haikuwa na gh, ilifananishwa na *light*.

B ya mwisho baada ya m inahitaji kutazamwa neno kwa neno. *Lamb*, *climb*, *comb*, *dumb* na *tomb* zina b ya haki. *Thumb*, *limb*, *crumb* na *numb* zilipewa baadaye. *Numb*, kufa ganzi, ni neno zuri: linatokana na kitenzi cha kale *niman*, kuchukua. Kiungo kilichokufa ganzi ni kiungo kilichochukuliwa.

Hatua ya sita: fungua daftari lako

Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza neno, ya pili ndugu anayetamka herufi, ya tatu mlango na maana ya mwanzo. Safu ya pili ikibaki tupu si kosa. Maneno matatu kwa siku yanatosha. Ukizidisha utaanza kunakili bila kufikiri.

Kwa safu ya tatu utahitaji kamusi yenye sehemu ya asili ya neno, na nyingi za mtandaoni zinayo bure. Utakutana na vifupisho: OE ni Kiingereza cha kale, ON ni lugha ya Waviking, OF ni Kifaransa cha kale, L ni Kilatini, Gk ni Kigiriki. Vitano hivyo vinakufungulia milango yote niliyoitaja.

Kisha lisome neno mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya mkono: tamka kila herufi, "wed-nes-day", huku ukiandika. Jumatano ya Waingereza ni siku ya Woden, mungu wao wa kale, ndiyo maana d na e zipo. Mara ya pili kwa ajili ya watu: "wenzdei". Mara ya kwanza ibaki nyumbani, usiipeleke kwenye usaili.

Hivi ndivyo ukurasa wangu ulivyo kwa neno *answer*. Safu ya kwanza: *answer*, "aansa", w haitamkwi. Safu ya pili: *swear*, kuapa. Safu ya tatu: OE, *andswaru*, *and-* ni dhidi ya, *swaru* ni kiapo. Mtu aliposhtakiwa alisimama akaapa dhidi ya aliyemshtaki, na kiapo hicho ndicho kilichokuwa jibu.